Kuhesabu Safari Kabla ya Kujenga Barabara



Baadhi yenu, hasa wale wenye mashamba yaliyo mbali na barabara kuu, wametuuliza sababu ya barabara moja kutiwa lami na nyingine kuachwa na mashimo yake, hali zote mbili zapita katika mikarafuu. Wako wasemao ni bahati, na wako wasemao ni kujuana. Hatusemi kuwa mambo hayo hayako duniani. Lakini liko jambo la tatu ambalo wengi wetu hatulitazami, nalo ni utafiti wa usafiri. Siku hizi ni nadra fedha nyingi kutolewa kwa barabara kabla ya watu kuja kuhesabu nani apita, apita lini, akenda wapi, na amechukua nini. Kisichohesabiwa siku hiyo huwa kama hakipo.

Kwa hiyo twapenda kuwaeleza kwa maneno mepesi namna kazi hii inavyofanywa, ilikotoka, na jinsi inavyomhusu mwenye mikarafuu kumi sawasawa na mwenye mikarafuu elfu.

Tuanze na tulilolishuhudia wenyewe. Tuliwahi kumkuta kijana amekaa kivulini mwa mwembe, penye njia panda, ana karatasi na kalamu, apiga mstari mmoja kila gari lipitapo. Ilikuwa mwezi wa Machi. Karafuu zilikuwa zimekwisha kitambo, majamvi yamekunjwa, na mawingu ya masika yamekwisha kutanda. Kutwa nzima yalipita magari machache tu, na kijana yule, ambaye hakuwa na kosa lolote, aliandika alichokiona. Miezi kadhaa baadaye njia ile ile ilijaa malori, pikipiki, magari ya ng'ombe na watu wenye mapakacha kichwani, wala hapakuwa na mtu mwenye karatasi. Basi tukajiuliza, daftari la kijana yule litasema nini juu yetu?

ELIMU HII ILIKOTOKA

Zamani mhandisi alijenga barabara pale palipoonekana pana msongamano, au pale mkubwa alipoamuru. Miji ya Marekani ilipojaa motokaa baada ya vita vikuu vya pili, njia hiyo haikutosha tena. Barabara ilipanuliwa hapa, na msongamano ukahamia pale. Ndipo ilipoonekana kuwa haifai kutazama barabara moja moja, bali yataka kuutazama mji wote pamoja na vitongoji vyake kama kitu kimoja.

Bwana J. Douglas Carroll aliongoza utafiti wa namna hiyo katika mji wa Detroit mwaka 1953 hadi 1955, kisha akaitwa Chicago kuanzisha mwingine mkubwa zaidi. Utafiti huo wa Chicago ulianza mwaka 1955, na taarifa yake ikatoka katika vitabu vitatu, mwaka 1959, 1960 na 1962. Watu walitumwa majumbani, nyumba moja kwa kila kadiri ya thelathini, wakauliza: Jana mlikwenda wapi? Saa ngapi? Kwa chombo gani? Kwa shughuli gani? Kutokana na majibu hayo walikisia kuwa watu wa eneo lile, waliozidi milioni 5, walifanya safari kama milioni 10 kwa siku moja ya kazi.

Hesabu kubwa hivyo haikuwezekana kwa vidole. Walitumia kompyuta za wakati ule, na wakaundiwa mashine maalumu iliyoitwa Cartographatron, iliyochora kwa mwanga mstari wa kila safari tangu ilikoanza hadi ilikokwisha, kisha ikapigwa picha. Hivyo watu waliweza kuona safari za mji mzima katika picha moja.

Kazi ile ikawa mfano kwa wengine. Mwaka 1962 sheria ya barabara ya Marekani iliamuru kuwa kila mji wenye watu zaidi ya 50,000 uwe na mpango wa usafiri wa namna hiyo, ulio endelevu, wenye kukusanya mambo yote, na wenye kushirikisha serikali za ngazi zote, ndipo upate fedha za serikali kuu kwa barabara zake. Kutoka huko njia hii ilienea duniani, na ndiyo hiyo iliyofika hata kwetu.

MASWALI MANNE

Utafiti wa namna hii, hata ukiwa na mashine nyingi, kwa desturi hujibu maswali manne. Tutayaeleza kwa mambo yetu wenyewe.

La kwanza: Kila mahali hutoa safari ngapi na huvuta safari ngapi? Kijiji chenye nyumba nyingi hutoa safari nyingi asubuhi. Skuli, soko, spitali, bandari na kituo cha kununulia karafuu huvuta safari. Wataalamu huigawa nchi katika vipande, na kila kipande hupewa hesabu yake ya safari zitokazo na ziingiazo.

La pili: Safari zitokazo hapa huenda wapi? Hapa hutumiwa kanuni iliyo karibu na akili ya kawaida. Mahali pakubwa huvuta watu wengi kuliko mahali padogo, na mahali pa mbali huvuta wachache kuliko pa karibu. Bwana Alan Voorhees aliieleza kanuni hii mwaka 1955 kwa kuifananisha na nguvu ya vitu vizito kuvutana.

La tatu: Huenda kwa chombo gani? Kwa miguu, kwa baiskeli, kwa pikipiki, kwa gari la abiria, au kwa gari lake mwenyewe? Hapo hutazamwa nauli, muda wa kungoja, na uwezo wa mtu.

La nne: Hupita njia ipi? Kama ziko njia mbili za kwenda Chake Chake, moja fupi yenye matope na moja ndefu yenye lami, ni wangapi watashika hii na wangapi ile?

Maswali hayo yakishajibiwa kwa hali ya leo, wataalamu hukisia hali ya miaka 20 ijayo. Watu wataongezeka kiasi gani, mji utapanuka upande upi, magari yatakuwa mangapi. Kisha huweka barabara mpya katika hesabu na kutazama mambo yatabadilikaje. Hivyo barabara hujengwa kwanza katika karatasi, na zile zinazoonekana hazina faida huachwa papo hapo kwenye karatasi.

YALIYOSAHAULIWA

Hesabu hizi ni chombo kizuri, lakini zina upofu wake. Katika tafiti nyingi za Marekani za miaka ya 1950, safari za miguu hazikuandikwa, kwa kuwa kilichowashughulisha wenye kutafiti kilikuwa motokaa, treni na mabasi. Kwao huenda hasara yake haikuonekana upesi. Lakini mtu akiichukua karatasi ile ile na kuileta shambani kwetu, atamwacha mama apelekaye mtoto spitali kwa miguu, atawaacha wachumaji watokao alfajiri, na atamwacha kijana aliyebeba gunia begani hadi penye barabara. Na hao ndio wenye haja ya barabara kuliko wote, kwa maana waenda kwa miguu kwa sababu gari haliwafikii.

Upofu wa pili ni wa mambo yasiyokuwa safari. Chicago ilikuwa na mradi wa barabara kuu ya kukata upande wa magharibi wa mji, ikiitwa Crosstown Expressway. Katika ramani ilionekana yafaa. Lakini ilitaka kupita penye nyumba za watu na maduka yao, nao wakapinga miaka mingi, na mwaka 1979 mradi ukafutwa. Idadi ya magari yatakayopita ilikuwa sehemu moja tu ya hesabu. Ilibaki ya nyumba zitakazobomolewa, na hiyo wenyewe waliisema kwa sauti.

Karibu na kwetu, Dar es Salaam, mwaka 2008 ulikamilika mpango mkuu wa usafiri wa mji uliotayarishwa kwa msaada wa Japani kupitia JICA. Na mwaka 2016 mabasi ya mwendo wa haraka yalianza kupita katika njia yao wenyewe kati ya Kimara na Kivukoni. Aliyewahi kukaa foleni barabara ya Morogoro anajua maana ya jambo hilo. Hata hivyo karakana ya mabasi hayo iliwekwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, na mafuriko yameifika mara kadhaa. Kwa hiyo kuhesabu abiria hakutoshi. Maji nayo yana njia zake, na wenyeji wa mahali ndio wazijuao zaidi.

BARABARA ZA MASHAMBA

Mpaka hapa tumesema zaidi ya miji. Barabara za mashamba zina hesabu ya namna nyingine, nayo ina mizizi yake Afrika Mashariki. Mwaka 1971 wataalamu wa maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, wakishirikiana na Benki ya Dunia, walianza uchunguzi nchini Kenya. Walipima mwendo wa magari na mafuta yaliyotumika katika barabara za lami na za changarawe, penye milima na penye tambarare. Walikusanya kwa wenye mabasi na malori gharama za mipira, vipuri na matengenezo. Tena waliangalia barabara zenyewe zinavyochakaa kwa magari na kwa mvua.

Walitaka kujua mashimo yanamgharimu mwenye gari kiasi gani. Majibu yao yaliingizwa katika kanuni za hesabu, zikaongezwa tafiti za Brazili, India na visiwa vya Karibi, na hatimaye zikawa programu ya kompyuta iitwayo HDM-4, iliyotolewa mwaka 2000 na kutumika katika nchi nyingi.

Hesabu yake ni kama ya mizani. Upande mmoja huwekwa gharama ya kujenga na kutunza. Upande wa pili huwekwa faida: mafuta yaliyookolewa, mipira isiyochanika, saa zilizopungua njiani. Lakini faida hiyo huzidishwa kwa idadi ya magari. Barabara ipitiwayo na magari mia kwa siku huleta faida mara tano ya ile ipitiwayo na ishirini, hata kama mashimo ni yale yale. Hapo ndipo mstari wa kalamu ya kijana wa chini ya mwembe unapopata uzito wake.

Kwa barabara zenye magari machache iko njia nyingine. Badala ya kutazama akiba ya mwenye gari, hutazamwa faida ya mkulima: atauza mazao kiasi gani zaidi, na kwa bei gani bora, barabara ikiwa nzuri. Njia hii yatufaa zaidi sisi wa karafuu. Nyote mwajua kuwa karafuu mbichi haisubiri. Ikizongamana au ikinyeshewa kabla ya kukauka, hugeuka mpeta na bei yake huanguka. Gari lililokwama matopeni nusu siku na karafuu mbichi si hasara ya mafuta peke yake. Walakini faida hiyo haiwezi kuhesabiwa mpaka mkulima atoe hesabu zake.

Pemba tunao mfano. Kati ya mwaka 2008 na 2013, katika msaada wa Marekani kwa Tanzania uliopitia Shirika la Changamoto za Milenia, zilijengwa barabara tano za vijijini kisiwani Pemba, miongoni mwake Bahanasa hadi Mtambwe, Chwale hadi Kojani, na Kipangani hadi Kangagani. Shirika lile huutaka kila mradi uonyeshe kwa hesabu faida itakayopatikana ikilinganishwa na gharama. Kwa hiyo aliyepita barabara hizo alipita pia juu ya hesabu.

MSIMU NA MWAKA WA NEEMA

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa zaidi. Wataalamu hutaka idadi ya magari kwa siku ya wastani ya mwaka mzima. Hawawezi kukaa mwaka mzima njia panda, kwa hiyo kwa kawaida huhesabu siku saba mfululizo, na baadhi ya siku hizo huhesabu usiku na mchana. Kisha huikuza au kuipunguza hesabu hiyo kufuatana na majira. Kanuni ni nzuri, ila yataka mtu ajue majira ya mahali pale.

Tufanye mfano wa hesabu tu. Tuseme njia ya shamba hupitiwa na magari 20 kwa siku katika miezi tisa, na magari 110 kwa siku katika miezi mitatu ya mavuno. Ishirini mara tisa ni 180. Mia na kumi mara tatu ni 330. Jumla ni 510, na ikigawiwa kwa miezi 12 hupata magari 42 na nusu kwa siku. Aliyehesabu mwezi wa Machi na asirekebishe kitu ataandika 20, yaani chini ya nusu ya ukweli. Na aliyehesabu wakati wa mavuno akaishia hapo ataandika 110, nao pia si ukweli. Hatutaki kupunjwa, wala hatutaki kudanganya.

Tena karafuu si zao la mavuno sawa kila mwaka. Mwajua kuwa baada ya mwaka wa neema mikarafuu hupumzika, na mavuno huwa haba. Mwaka wa haba ukiangukia mwaka wa utafiti, hata aliyehesabu wakati wa mavuno ataona malori machache. Mgeni hawezi kulijua hilo kwa kutazama njia. Hana budi kuambiwa, na aonyeshwe hesabu za miaka minne au mitano pamoja.

Liko na jambo la uzito. Mwaka 1958 hadi 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Wamarekani walipitisha malori mchana na usiku juu ya barabara za majaribio. Walipata kuwa uharibifu haukui sawasawa na uzito wa ekseli, bali hukua upesi zaidi, kwa kadiri ya uzito kuzidishwa kwa nafsi yake mara nne. Kwa mfano, uzito wa ekseli ukiwa mara mbili, uharibifu huwa kama mara 16. Maana yake ni kwamba malori machache ya msimu yaliyojaa magunia huweza kuichosha barabara kuliko motokaa ndogo za mwaka mzima. Kama msimu hauonekani katika hesabu, barabara hata ikijengwa itajengwa nyembamba, na lami itapasuka mapema. Na sisi tupakiao magunia kupita kiasi ili kuokoa safari moja, tujue kuwa tunaila barabara yetu wenyewe.

TUFANYE NINI?

Kwanza, twawaomba wanachama wawajibu watu wa utafiti wanapofika majumbani, baada ya kuwataka waonyeshe vitambulisho vyao na barua ya sheha. Wako wenye kuficha safari zao kwa kuogopa kodi, na wako wenye kuzidisha ili waonekane wana haja. Wote wawili wanawadhuru majirani zao, kwa kuwa nyumba moja iliyoulizwa husemea nyingi zisizoulizwa.

Pili, tajeni safari zote. Safari ya miguu, ya gari la ng'ombe, ya punda, ya baiskeli na ya ngarawa, zote ni safari. Wanawake wa nyumbani nao waulizwe wenyewe, kwa maana mume mara nyingi hazijui safari za mkewe za maji, kuni, soko na kliniki, wala safari za uchumaji wa makonyo. Na zitajwe safari zilizoshindikana pia: mgonjwa aliyeshindwa kufikishwa, mzigo uliorudi.

Tatu, kila mwanachama aandike tarehe aliyopeleka karafuu zake kituoni, kilo ngapi, kwa chombo gani, nauli gani, na saa ngapi njiani. Karatasi za mauzo zisitupwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na barabara nayo ni mali. Makatibu wa matawi watakusanya hesabu hizo bila majina ya watu na kuziweka pamoja kwa kila njia, ili mtafiti akija mwezi wa Machi tumpe Oktoba yetu mkononi.

Nne, mikutano ya kuonyesha ramani isiachiwe wazee wawili watatu. Wanaojua mto unafurika wapi, makaburi yako wapi, na miti ya nani itakatwa, wafike na waseme kabla ya vigingi kupigwa. Mkarafuu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri, na kuuhesabu baada ya kukatwa ni kazi ya majuto.

Hatuwaahidi kuwa kila njia itatiwa lami kwa sababu tumeandika vizuri. Fedha ni chache na njia ni nyingi, na huenda hesabu ya haki ikaonyesha kuwa njia ya jirani yatangulia yetu. Hilo twaweza kulikubali. Ambalo hatuwezi kulikubali ni kuachwa kwa sababu tulihesabiwa siku ambayo hatukuwapo njiani.

Basi mwanzo wa msimu ujao, kabla ya kushusha majamvi, nunueni daftari.